Komeo Halikuanguka

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuuliza hali nikijua jibu lake, maana aliyezika mume juzi haulizwi ameamkaje. Watoto wameanza kula? Mama kaniambia wewe unaishi kwa chai tu. Mimi ni mzima, mkono ulioungua umeanza kuota ngozi.

Pale msibani uliniuliza shemeji alikufaje, nikakujibu kwa mkato. Leo nakueleza yote.

Unajua alivyoupenda ule mtambo wa mvuke unaotupa umeme kiwandani. Siku yangu ya kwanza alinionyesha gavana wake: vyuma viwili vinavyozunguka pamoja na mtambo. Mbio zikizidi, vinatanuka na kubana vali ya mvuke. Mzigo wa umeme ukiongezeka, mwendo unapungua, vyuma vinarudi ndani na vali inafunguka. Alisema huyu ndiye gavana pekee asiyepokea rushwa. Na akishindwa, lipo komeo la dharura: mbio zikipita kiasi, linaanguka lenyewe na kukata mvuke wote.

Jumatano saa nane mchana swichi kuu ilikatika. Mashine zote za kiwanda zikasimama kwa mpigo, mzigo ukaondoka, mvuke ukabaki bila kazi. Vyuma vya gavana vilitanuka, lakini vali ilikuwa imeganda kwa uchafu. Mtambo ukaanza kulia, sauti ikapanda hadi meno yakauma. Boliti zilikatika zikaruka kama risasi. Moja ilimtoboa shavu kijana anayepaka mtambo grisi.

Shemeji hakukimbia. Alilishika gurudumu la vali kwa mikono miwili akawa analikaza, mvuke ukimbabua uso. Akanigeukia, akaniuliza: "Mbona komeo halianguki?"

Nilikimbia. Nilikuwa mlangoni mtambo ulipopasuka. Mapanga yake ya ndani, yale yanayozungushwa na mvuke, yalitoboa paa na kuta, na kipande kizito kama jiwe la kusagia kikampata shemeji kifuani. Niliporudi, mkono wake mmoja ulikuwa bado umeshika gurudumu. Yeye alikuwa hatua tatu nyuma. Ndiyo maana nilikuzuia usifunue jeneza.

Sasa meneja kakuandikia kwamba mumeo alizembea, na kwamba uhame nyumba ya kampuni. Mumeo hakuzembea, Dada. Komeo halikuanguka kwa sababu nililifunga kwa waya mimi. Kwa wiki mbili lilikuwa likianguka ovyo, kila mtikisiko mdogo kiwanda kinasimama, na meneja ananitukana mbele ya watu. Shemeji alipanga kulitengeneza Ijumaa. Mimi sikungoja, wala sikumwambia. Alipouliza, waya ulikuwa karibu nami kuliko mlango, na koleo lilikuwa mfukoni. Nikachagua mlango.

Waya huo niliuokota kwenye vifusi kabla wakaguzi hawajafika. Kesho asubuhi naupeleka kwao pamoja na maelezo yangu. Huenda nisirudi nyumbani. Nimetaka usikie kwangu kwanza.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba usihame, na ile barua ya meneja usiitie sahihi. Watoto waambie baba yao alikufa akijaribu kuufunga mvuke. Mama msomee taratibu, akiwa amekaa.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,
fundi wa zamu ya mchana.