Nyasi Zisichomwe Moto

Jumapili, 2 Machi 2025
Kikao baada ya misa. Maximilian, mwenyekiti wa baraza la parokia, anataka ukumbi wa jubilei ujengwe upande wa chini wa makaburi. "Pale hakuna mtu," kasema. Hakuna mtu! Juu wamelala mapadre kumi na wawili wa Kizungu, kila mmoja na msalaba wake wa chuma. Chini ni waliowafyatulia matofali, makatekista, watoto wachanga. Hao hawakupewa chuma. Nikayasema hayo, kwa sauti kubwa. Maximilian akacheka: "Dada Herieth umekuwa wakili wa marehemu. Wateja wamekutuma?"

Paroko kaamua: nimwonyeshe kaburi moja tu upande ule, lenye jina na ndugu aliye hai wa kulithibitisha. Nikiweza, ukumbi utahamia kwenye mikaratusi. Watakagua tarehe 15.

Moja! Ninalo.

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza mama tena. Miaka themanini na minne, kichwa kizima. Margareth, dada yangu — miezi minane, surua, 1966. Mimi sikuwa nimezaliwa. Mawe matatu kichwani pa kaburi, kayaokota mwenyewe kijitoni. "Nyasi zikiondoka nitakwenda moja kwa moja," kasema. Sasa zimenifika kifuani.

Klementina, kiongozi wa akina mama wa jumuiya, kaahidi watu ishirini Jumamosi. Kazi ya kujitolea. Kauliza: wazikate, zikikauka wachome? Nikampa mhadhara wa nusu saa. Moto unaua udongo, moto unapasua mawe, moto ni uvivu. Na wasizitupe bondeni, zitaziba mfereji. "Haya, mwalimu," kaitikia, kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Nimemaliza hotuba ya kesho, kurasa sita. Nazungumza Sumbawanga mjini, Siku ya Wanawake. Makaburini sitakuwepo. Klementina hana wasiwasi: "Jembe tunalijua."

Jumamosi, 8 Machi
Mada yangu ilikuwa kazi za wanawake zisizoonekana. Wamepiga makofi mengi.

Nimefika makaburini saa kumi na moja jioni. Upande wa chini safi. Safi mno. Matuta! Yale yetu ya mviringo ya kulimia, zaidi ya mia, yamepangwa kama ya maharage, nyasi zote zimefukiwa ndani. Klementina alikuwa ananawa miguu.

"Moto hukutaka. Zitupwe hukutaka. Tuzipeleke wapi, dada? Tumezifukia, kama nyumbani."

Nikasema humu wamo watu.

"Tunajua. Ndiyo maana hatukuchimba, tumekwangua juu tu."

Na mawe? Akanionyesha rundo kwenye uzio, limepangwa vizuri sana. Yalikuwa yanagonga majembe.

Ardhi ile ilikuwa imeshalala tambarare miaka mingi. Mawe ndiyo alama pekee iliyokuwa imebaki. Sikugomba. Ningemgombeza nani? Agizo lilikuwa langu, neno kwa neno.

Jumapili, 9 Machi
Maximilian, mbele ya watu, mlangoni mwa kanisa: "Mmelima vizuri. Maharage yatakubali." Wamecheka. Mzaha mzuri, lazima nikiri.

Jumatano, 12 Machi
Daftari la vifo, ofisini kwa paroko. Yumo: Margareth, binti wa Rosina, surua. Mahali pa kaburi hapakuandikwa, kwa yeyote wa upande wa chini.

Nimemuuliza mama ni hatua ngapi toka misalaba ya mapadre. Ishirini. Baadaye, thelathini. "Nitayaona mawe," kasema.

Klementina kaniuliza kama nimemwambia.
— Bado.
— Wewe? Wewe unayesema kila kitu?

Jumamosi, 15 Machi
Saa nne asubuhi. Naandika kwenye ngazi za kanisa, wao wako kule chini.

Njiani nilimwambia mama, hatimaye.

Maximilian alivua kofia. "Shikamoo, mama." Mama akaitikia, akashika fimbo yake, akaingia kati ya matuta. Alisimama kwenye moja, akainama, akapapasa. Akaliacha. Akaenda la pili, la tatu. Akarudi. Mwisho akasimama kwenye tuta lililo karibu na njia. "Ni hapa."

Paroko: "Una hakika, mama?"

Hakulitazama tuta. Alinitazama mimi. "Nimezaa mimi, nikose kujua?"

Nilitegemea Maximilian abishe. Nilikuwa na majibu matatu tayari. Badala yake akafanya ishara ya msalaba. "Basi. Dada Herieth aandike. Huyu tunagombana naye, lakini hasemi uongo." Klementina alikuwa ameshakimbilia uzioni, akarudi na mawe matatu kifuani. Matatu yoyote.

Paroko kanipa karatasi. *Mimi, ndugu wa marehemu, nathibitisha kwamba mahali hapa...* Miaka ishirini ya makala zangu nimewachapa magazetini watu wanaotia saini wasichokiona. Nikasema nafuata kalamu.

Kalamu ninayo. Ndiyo hii.

Kutoka hapa nawaona. Mama ameketi chini kando ya tuta, anayapanga mawe. Ameligeuza moja. Ameyaondoa yote, anayapanga upya. Maximilian ananipungia kofia, niharakishe.