Mikanda ya Kiti cha Mbele

Otrokovice, 3 Februari 1992

Mdogo wangu Radim,

Salamu. Natumaini u mzima. Mimi mzima isipokuwa magoti, nayo ni ya umri. Anwani yako nimepewa na shangazi Blažena. Mpaka wa nchi yetu na Austria umekuwa wazi zaidi ya miaka miwili na kati yetu hakuna aliyeandika. Naanza mimi kwa kuwa nina haja.

Natengeneza mfano wa ndege yako, ile Zlin ya sarakasi, kwa kipimo cha moja kwa kumi. Imekalia meza yote ya jikoni. Supu nakula nimesimama. Kila ribiti ya kubania bati la bawa nimeitia alama kwa sindano mahali pake. Mfano wa kweli huonyesha ndege moja, siku moja, saa moja. Nimechagua asubuhi ya 17 Agosti 1969, siku uliyoruka kwenda mazoezini ukatua Austria.

Basi nijibu. Dashibodi ilikuwa ya kijivu au nyeusi? Picha ya Mama uliibandika upande gani? Na mikanda ya kiti cha mbele ilikaaje? Wewe ulikaa nyuma. Cha mbele kilikuwa kitupu.

Sikuulizi jambo jingine. Hukuniaga. Nilihojiwa na polisi siku tisa, nikatolewa karakana ya ndege, nikasukuma makaa ya mawe miaka ishirini. Mama alikufa mwaka 1983. Hayo unayajua.

Kaka yako,
Květoslav

Linz, 20 Februari 1992

Kaka Květo, shikamoo.

Nilipouona mwandiko wako, umesimama wima kama askari wa gwaride, nilikaa chini kwanza. Mimi mzima, ila kitambi kimenitangulia. Mke wangu Hedwig anakusalimu. Anauliza kama huyo anayekula supu amesimama ni ndugu yangu kweli. Nimemwambia ndiye, na sahani huiosha kabla haijapoa!

Dashibodi ilikuwa ya kijivu. Mama alikuwa kulia, chini ya saa.

Mikanda? Kaka, hilo unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyeifunga.

Mimi niliiacha wazi, inaning'inia pande zote mbili za kiti, uione. Mkuu wa uwanja alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, nisingeweza kusema zaidi ya nilivyosema: "Kaka, leo panda tuzunguke kidogo, ukaone paa la nyumba yetu." Ukanijibu, "Acha utoto, nina kazi." Ukainama, ukaifunga, ukaikaza, ukapiga ubavu wa ndege mara mbili. Nikaelewa kwamba umekataa kutoroka nami, na kwamba umeniruhusu niende.

Miaka yote hii nilijua tumeagana.

Mdogo wako,
Radim

Linz, 11 Juni 1992

Kaka, shikamoo.

Magoti yanaendeleaje? Niliandika tena Aprili, kimya. Nimekukosea? Nitukane basi, nijue uko hai. Klabu yetu hapa ina ndege kuukuu ya viti viwili, nami bado naruka kila Jumapili. Njoo, Kaka. Hedwig ameshatandika kitanda.

Mdogo wako,
Radim

Otrokovice, 4 Oktoba 1992

Mdogo wangu Radim,

Salamu kwako na kwa Hedwig. Barua zako zote tatu zilifika. Ile ya Aprili haikuwa na tarehe. Rekebisha tabia hiyo.

Nilipoisoma ya kwanza, niliifunika ndege kwa kitambaa cha meza cha Mama, nikaendelea kula nimesimama.

Mikanda niliifunga kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa. Mikanda ya kiti kitupu isipofungwa, ndege ikipinduka hunasa usukani, na rubani hufa. Kila mwanagenzi nilimfundisha hivyo. Nilipoiona wazi nilisema moyoni: mzembe huyu atajiua. Basi. Sikukataa, Radim. Sikujua kwamba nimeulizwa. Na kila ndege niliipiga ubavu mara mbili.

Kama ningejua, je, ningepanda? Nimelifikiria tangu Februari na sitakudanganya: sijui. Mama angebaki peke yake. Lakini ningetaka kukataa kwa kinywa changu.

Mwezi uliopita niliifunua. Mikanda nimeikata katika utepe wa pamba, vifungo nimevikunja kwa waya wa shaba. Saa ya mfano nimeiamua: saa mbili na dakika arobaini asubuhi, dakika moja kabla ya ukaguzi wangu. Mikanda iko wazi, inaning'inia pande zote mbili.

Jumamosi tarehe 17 treni yangu itafika Linz saa nane mchana. Ndege nitaipakata, mabawa yanachomoka. Jumapili, hali ya hewa ikiruhusu, tutakwenda uwanjani kwenu. Kiti cha mbele kiache kama ulivyokiacha siku ile. Mikanda nitaifunga mwenyewe, nikishakaa.

Kaka yako,
Květoslav