Bunduki ya Silikoni Aliyonichagulia Mama Shabani

Jumanne

Zuhura wangu kapewa nyumba nzima! Madirisha yote ya nyumba mpya ya mama mmoja wa Kurasini anayaziba kwa silikoni yeye peke yake. Nani mwingine Temeke hii kazaa fundi kama yule?

Ndiyo maana nimeumia. Bunduki ya silikoni, ile ya kukamulia gundi ya madirisha, nilimnunulia mie, dukani kwa shoga yangu Mama Shabani. Nikamwambia ni ya kazi ya kila siku. Akanijibu, "Chukua hii, shoga, mafundi wote wanaitaka."

Leo Zuhura karudi nayo imepinda. Dirisha la tatu tu, silikoni ikamwagika ukutani, mwenye nyumba anamtazama. "Mama, hii ni ya kuzibia sinki nyumbani. Ya fundi ina chuma kinene."

Nikaenda dukani. Za chuma kinene zimejaa nyuma ya kaunta! Eti, "Hizo nawawekea mafundi, shoga. Nilidhani Zuhura anajaribu-jaribu tu."

Na nilivyomsimulia kazi ya Zuhura siku ile mpaka koo likakauka!

Nimenunua moja ya chuma kinene, sikumuaga. Kesho Zuhura anaanza upya, maana silikoni inataka muda kukauka, na mwenye nyumba keshatangaza dua ya kuingia nyumba, katuambia tualike watu. Mama Shabani nilishamwalika mie mwenyewe, aje ayaone madirisha ya mwanangu. Aje tu. Wageni wote wanakuja Ijumaa, baada ya swala.