Nakala Isiyo na Historia

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole kwa baridi ya huko uliko. Natumai kile kikohozi kimekuacha. Sisi tu wazima. Mama anakusalimu, na bado anauliza kwa nini ulihama ghafla.

Nianze na kompyuta yangu, maana ndipo yalipoanzia. Unakumbuka diski yake ilivyojaa pomoni? Programu ya kliniki, ile inayopanga tarehe za wagonjwa, pamoja na historia yake ya miaka minane ya marekebisho, haikuenea. Fundi wa mtandao akanionyesha ujanja: niteremshe hali ya mwisho tu, historia niiache kwenye seva. Ikashuka kabla chai haijapoa. Nikatamba ofisi yetu nzima.

Kisha wagonjwa wakaanza kupangiwa tarehe zilizokwisha pita. Mzee mmoja aliambiwa aje juzi. Bosi akataka kujua nani aliandika mstari wa programu wenye kosa, na kompyuta yangu ikatoa jina lako. Ulimwapia kwamba wewe ulibadilisha rangi ya kitufe tu, akakujibu kompyuta haina chuki na mtu. Ukafungasha kikombe chako na sweta, ukaondoka.

Juzi nimepata diski kubwa, nikateremsha historia yote. Kumbe nakala isiyo na historia haiwajui waliotangulia. Kila mstari huuonyesha kwa jina la aliyewasilisha kazi mara ya mwisho. Wiki ile wa mwisho ulikuwa wewe, na kitufe chako. Mstari wenyewe uliandikwa miaka mitatu kabla hujaajiriwa, kosa likalala humo hadi wiki ile, na aliyeuandika ni mimi.

Liko jambo jingine hulijui. Bosi alipouliza, mimi ndiye niliyefungua kompyuta nikamsomea jina lako. Jioni ulipokuja kwangu ukalia, nilikupa pole, nikakupangusa machozi, nikakuficha hilo. Niliogopa. Naona aibu hata kuandika.

Jana nimemweleza bosi yote. Amesema kiti chako kipo, na barua ya kukuomba radhi itakufikia. Changu hajasema kama kipo. Sitaisingizia diski, mdogo wangu. Mdomo uliokutaja ni wangu. Mama nitamwambia mwenyewe Jumapili, asije akasikia kwa watu.

Wasalimie majirani zako wapya. Usiponijibu, hiyo ni haki yako. Nakuombea afya na moyo mtulivu.

Ni mimi, kaka yako, uliyemlilia.