Kwa Buberwa, Aliyesimama Kengele Ilipolia

Buberwa, ni mwaka mmoja sasa tangu tukulaze kwenye kibanja cha Taata, baba yetu, pale nyuma ya nyumba ulipokuwa ukijinyoosha miguu kabla ya kwenda kukimbia. Migomba imezaa. Kahawa tumechuma, tumeanika, tumepeleka ghalani. Watu wakituuliza habari tunasema nzuri, kwa sababu hatujui jibu lingine.

Ninayeandika ni mimi dada yako Alistidia, kwa niaba ya wote. Walisema mwalimu hakosi maneno. Wamekosea. Karatasi hii imekaa mezani muda mrefu, na mara nyingi nimeinuka nikaenda kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Mama yetu, Maawe Anatolia, bado anamenya ndizi za kukutosha na wewe. Zinabaki, tunawapa majirani, na kesho yake anamenya kiasi kilekile. Hakuna anayemwambia kitu. Mkeo Kemilembe hajaiondoa fulana yako msumarini, ile nyeupe yenye kichwa cha twiga kifuani, uliyopewa uivae kwa ajili ya Tanganyika. Huikung'uta vumbi, huirudisha. Mwanao Klaudia alikuwa anatambaa ulipoondoka. Sasa anakimbia. Huanguka, hainuki mpaka aone kama kuna anayemtazama.

Taata hakutaja jina lako mwaka mzima tangu mazishi. Akilazimika kukutaja alisema "yule".

Wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu gazetini hawakukujua wote, kwa hiyo utuvumilie tukisema mambo unayoyajua. Ulikuwa mpima kahawa kwenye ghala la ushirika hapa Kagoma. Vikongwe walipenda kupimiwa na wewe, maana uliwashushia magunia kichwani wewe mwenyewe, ukawapa kigoda, ukawauliza habari za magoti yao. Mwanamke akishikwa na uchungu mtaani, walikuita wewe kabla ya kumwita mumewe, kwa kuwa ungemfikia mkunga mume akiwa bado anatafuta kofia. Samaki wa kisiwa cha Bumbire ulitoka nao mbio ufukweni, umewafunga kwa majani, wakatufikia kama waliotoka majini sasa hivi. Ulimpa Maawe, ukajisifu kidogo, ukakaa.

Na ukishakaa, basi. Hatujapata kuona mtu mzito namna ile. Ulikula polepole mpaka sahani zikaoshwa zikabaki yako. Ulivaa shati kama mtu anayejenga nyumba. Kanisani ulichelewa kila Jumapili, wewe mwenye mbio kuliko wote Ihangiro, na Taata mzee wa kanisa amekaa mbele kabisa, anasikia mlango ukilia nyuma yake na anajua bila kugeuka ni nani.

Mbio zetu za hapa nyumbani zilikuwa na taratibu zake. Mnatoka kanisani, mnashuka mpaka ziwani, mnapanda tena. Wa kwanza akionekana kule mteremkoni, kengele ya kanisa inapigwa, na kengele ikilia mbio zimekwisha, hata aliye nyuma anaweza kutembea. Mshindi haendi kukaa. Anakwenda moja kwa moja mbele ya kiti cha chifu wa gombolola, mkuu wa eneo letu, anapiga goti, anapewa mkuki, anajigamba. Kwebuga, kama tunavyosema wenyewe. Anataja jina lake na la baba yake, anataja alichokifanya, na mkubwa aliyekaa kitini anamsikiliza mpaka mwisho. Kisha anamjibu. Ulijigamba pale mara nyingi tukazoea, Mungu atusamehe, tukawa tunaongea mambo mengine wakati unasema.

Ulipochaguliwa kwenda Kampala kwenye michezo ya nchi jirani, Kagoma yote ilikusindikiza. Ulipanda meli Bukoba ukavuka hadi Port Bell na vijana wengine wa Tanganyika: wakimbiaji, watupa mkuki, mabondia, na Josia wa Bukoba mjini, mruka juu, aliyekuwa rafiki yako tangu siku hiyo hadi tulipokuzika.

Yaliyotokea huko tumesimuliwa na Josia. Wewe uliyasimulia mara moja tu, kwa ufupi, huku umeinamia chakula.

Zilikuwa mbio za maili tatu. Hukuwa umepata kukimbia kwa kuzunguka, na uwanja ule uliwazungusha kama mbuzi kwenye kamba. Hukuwa na viatu. Wenye viatu vya misumari walikuwa nyuma yako, na wa pili alikuwa mbali kiasi kwamba Watanganyika walikwisha kuanza kukumbatiana. Ndipo kengele ikalia.

Kule kengele ni ya kumwambia mkimbiaji kwamba umebaki mzunguko mmoja. Mlikuwa mmeelezwa asubuhi, kwa Kiingereza, na wewe uliitikia kwa kichwa kama ulivyoitikia kila kitu. Lakini kengele ni kengele, na mbele yako palikuwa na kiti. Kilikuwa chini ya turubai, kikubwa, na Mzungu amekikalia katikati ya wakubwa wenzake. Ulitoka kwenye mstari, ukakata nyasi za uwanja moja kwa moja mpaka pale, ukapiga goti, ukanyoosha mkono kana kwamba una mkuki. Ukasema, "Kasinge waitu!" salamu tunayompa mkubwa, waitu, kumtakia ushindi. Ukaanza kujigamba, kwa Kihaya, kwa sauti yote.

Ulifika mstari wa pili wa majigambo. Askari wawili wakakushika mabega, na nyuma yako wenye viatu wakapita, mmoja baada ya mwingine. Josia anasema uwanja mzima ulicheka, na yeye pia alicheka, kisha akaona uso wako akaacha.

Habari ilifika Bukoba kabla ya meli yenu. Vijana wa mjini walikuwa wakipiga goti mbele ya kila kiti wanachokiona, kwa kinyozi, kwa fundi cherehani, popote. Ulipita katikati yao na fulana yako ya twiga, ukawasalimu.

Jioni ulimkuta Taata amekaa barazani. Sisi tulikuwa jikoni, tulisikia.

"Taata, nilikatizwa kabla sijasema yote. Naomba nimalizie mbele yako."

"Zile mbio ulizimaliza?"

Ulinyamaza. Tukachukua kunyamaza kwako kuwa ndilo jibu, na Taata naye akachukua hivyo.

"Nyumbani kwangu hajigambi mtu aliyeacha kazi njiani," akasema. "Kamalize mbio kwanza. Siku hiyo nitakaa kitini nikusikilize."

"Ndiyo, Taata."

Hukumnunia. Tulingoja kununa kwako na hakukuja. Ulianza tu kuamka mapema zaidi. Ulisema ipo michezo mikubwa kuliko ile, ya nchi nyingi, ng'ambo, na kwamba siku moja Tanganyika itapeleka watu wake na wewe utakuwemo, na safari hiyo ungezunguka mpaka watu wakuombe usimame. Njia ya Rubya ikawa yako. Wachuuzi wa Kagoma walikupisha kabla hujafika, wakikuona tu kule mbele. Ukirudi ulikaa nasi mahali pa kumenyea ndizi, mimi na Kemilembe, ukatusomea majigambo yako yote tangu mwanzo, na kila mara umeongeza neno. Tulikuambia utuachie masikio yetu. Tungekuambia nini kingine? Tulijua uko.

Homa ilipokuja ulisema ni mafua ya mvua. Ilipokushinda, wanaume walikubeba kwa machela kwenda hospitali ya Rubya, kwa njia ileile yako. Walikwenda mbio. Njiani mmoja akasema wapunguze mwendo, na wote wakaelewa, wakageuka. Nilikuwa nyuma na blanketi la akiba. Nililikunja upya. Mpaka leo sijui kwa nini nilijali namna lilivyokunjwa.

Sikulia siku hiyo, na nilitaka ulijue hilo. Kemilembe alilia, Maawe alilia. Mimi nilipika kwa ajili ya wageni na Taata alionyesha watu mahali pa kuchimba, kwa kidole, bila kusema. Tumekuwa hivyo mwaka mzima, mimi na yeye. Tunakupenda sana na hatusikii chochote. Ni kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Juzijuzi Josia alikuja. Taata alimpa kahawa ya kutafuna, wakakaa. Josia akasema nchi itajitawala mwezi wa Desemba, na kwamba mjini wanasema mwakani vijana watapelekwa kwenye ile michezo mikubwa, Australia, na yeye ameitwa kwenda kujaribiwa. Alikuwa amekuja kukuaga. Alisema hivyohivyo, "Nimekuja kumuaga Buberwa," na sote tukatazama chini.

Halafu, kwa kutafuta la kusema, akasema, "Nikifika huko nitakumbuka alivyokimbia ule mzunguko wake peke yake."

Taata aliacha kutafuna. "Mzunguko gani?"

"Ule uliobaki, mzee. Kampala."

"Yule hakumaliza."

"Alimaliza, waitu! Askari walipomwachia alikuja akaniuliza kengele ile ilikuwa ya nini. Nikamwambia. Akarudi palepale alipotokea, kwenye ule mstari, akaanza tena. Wenzake walikwisha kuvaa. Watu walikuwa wanatoka, wale wa kukusanya kamba wanakusanya, wengine wanamfukuza. Akawapita. Akazunguka mpaka mwisho, mbio zilezile, hakupunguza. Tuliomwona ni wachache."

"Mbona hakuniambia?"

"Nilimuuliza hilo. Alisema mzunguko uliokimbiwa watu wakienda nyumbani, baba hawezi kuuhesabu. Alisema atakimbia mwingine huko ng'ambo, mbele ya watu, ndipo aje akuambie."

Taata alimtazama Josia, akatazama mikono yake mwenyewe. Kisha akasema, kama mtu anayesoma kitu kilicho mbali, "Kumbe alimaliza."

"Alimaliza, mzee."

Basi, Buberwa, tukuambie tulichofanya, maana hukuwepo na mambo yalikuhusu.

Siku ya kutimiza mwaka Mchungaji alisali, tukaimba, wageni wakala. Walipoanza kuaga, Taata aliingia ndani akatoka na kile kiti chake cha barazani. Hakukubali kusaidiwa. Alikibeba mpaka kwenye kibanja, akakiweka mbele ya kaburi lako, akavua kofia, akakaa. Josia akachomeka mkuki wa babu ardhini upande wa kichwa chako. Watu waliokuwa wanaondoka wakarudi.

Taata akaniita. "Alistidia. Wewe unayajua yale maneno?"

"Nayajua, Taata. Na Kemilembe anayajua."

"Yaseme."

Mzee mmoja akanong'ona kwamba mwanamke hajigambi. Taata hakugeuka. "Anayejigamba si yeye," akasema. "Yeye anaazima mdomo."

Tulisimama mimi na mkeo, mmoja akisahau mwingine anaendelea, na Klaudia ameshika sketi yangu. Tulisema kwa Kihaya. Hapa tumeyaandika kwa Kiswahili, kwa amri ya Taata, ili yasomwe na wengi kuliko waliocheka:

Kasinge waitu!
Mimi ni Buberwa wa Gamaliel, wa Kagoma.
Waliokimbia nami wanaujua mgongo wangu kuliko uso wangu.

Hapo ndipo ulipokatizwa. Nikanyamaza bila kukusudia. Kemilembe akanishika mkono, tukaendelea:

Nimesimama juu ya miguu niliyopewa na Anatolia.
Nimevuka ziwa, nimeshuka ugenini, sikuwaogopa wenye viatu.
Kanisani nilichelewa, mezani nilichelewa, mbioni sikuchelewa.
Twiga huyu nilikabidhiwa, nami nimemfikisha.
Mwenye kunituma ni baba yangu.
Nimerudi kwake. Nimemaliza.

Maawe alikuwa ameshika kisu cha kumenyea, sijui kwa nini alitoka nacho. Tulimngoja mkubwa aliyekaa kitini ajibu, kama desturi ilivyo.

Taata akainuka, akashika ule mkuki kwa mikono miwili, akauegemea.

"Nimekusikia, Buberwa," akasema. "Buberwa. Mwanangu Buberwa. Nimekusikia."

Hapo ndipo nilipolia, mdogo wangu, mbele ya wanafunzi wangu na wazazi wao. Nililia mpaka wageni wakaondoka. Kesho yake Maawe alimenya ndizi zilezile nyingi, na sikuona ajabu, nikazila. Fulana tumeirudisha msumarini. Josia tulimpa aende nayo akakataa, akasema yake anataka apewe na Tanganyika kama wewe ulivyopewa. Kiti bado kiko kibanjani. Taata amekataa kirudishwe ndani, na asubuhi tunamkuta pale, amekikalia.

Unakumbukwa na baba yako Gamaliel na mama yako Anatolia. Na mkeo Kemilembe na mwanao Klaudia. Nami dada yako Alistidia. Na Josia, ambaye sasa ni wa nyumbani. Na wapima kahawa wenzako. Na vikongwe wote wa Kagoma ambao magunia yao yamekuwa mazito.

Daima tutakukumbuka, Buberwa, na hakuna tena atakayekukatiza.

Kagoma, Ihangiro, Wilaya ya Bukoba
Agosti 1961