Sharti la Georgette

Yaya Anastazia, dada yangu,

Ziwa limechafuka tangu juzi na mashua zimelala hapa Kalemie, lakini niko salama kwa binti yangu Georgette. Ametengeneza kikundi cha simu ili majirani wajadili humo habari za bomba la maji, badala ya kupigana kwa ndoo. Sharti lake ni moja: ukitaka kumpinga mwenzako, urudie kwanza maneno yake kwa sauti, mpaka akubali kwamba umemsikia.

Jana Papa Kalunga wa nyumba za juu alifika mlangoni, simu mkononi.

"Georgette, unatufunga kinywa kwa sharti lako! Watu wote wa juu tunatoka kwenye kikundi chako."

"Sawa, Papa. Ila Mama Veronika wa chini alisema nini?"

"Alisema upuuzi!"

"Upuuzi gani, Papa?"

Akainua simu, akaongea humo polepole: "Mama Veronika anasema sisi tunajaza maji kwenye bidoni zetu zote mapema, zamu yake ikifika maji yamekatika."

Sauti ya Mama Veronika ikarudi: "Njo vile, ndivyo nilivyosema, Papa. Haya, sema na yako."

Papa akavuta kiti, akaomba chai. Hakuna aliyetoka kwenye kikundi.

Yaya, marehemu mume wangu alikuwa akiamua ugomvi wa nyavu za wavuvi hivyohivyo, Georgette akiwa magotini pake. Basi jana, akinywa chai, Papa Kalunga akaniuliza, "Baba ya huyu mutoto ni nani?" Nikataja jina la marehemu kwa sauti kubwa. Tangu tumzike, ilikuwa mara ya kwanza kulitaja bila kulia.

Jifunike vizuri, upepo usikuumize kifua.

Mdogo wako,
Felista