Rejeta Mpya ya Pikapu Yetu

Kerege,
Bagamoyo.
9 Juni 2024

Mpendwa Mjomba Bwanausi,

Shikamoo. Nakuombea barua hii ikukute mzima huko Bukoba. Goti la Mama Mina linaendeleaje? Bado linamsumbua akipanda ngazi? Sisi, alhamdulillahi, hatujambo, isipokuwa mkono wa mume wangu Hamidu, ambao bado unauguzwa.

Ulipopata habari kwamba ameungua, ulinishauri kwenye simu tuiuze pikapu. Sikukujibu, nilikuwa na uchungu. Kwa heshima zote, mjomba, haiuzwi. Nakueleza sababu.

Kazi yetu unaijua: tunapeleka barafu Saadani, tunarudi mjini na samaki wa akina Bibi Sihaba, wale kina mama wa huko tunaowabebea mzigo. Siku ile tukirudi, kabla ya kufika Makurunge, mshale wa joto ulipanda hadi kwenye alama nyekundu. Tukasimama. Mvuke ulikuwa ukitoka chini ya boneti na hapakuwa na nyumba karibu. Nilimsihi Hamidu asubiri injini ipoe.

"Adila, samaki hawa wataoza," akasema. Akashika kwa kitambaa kifuniko cha rejeta, pale yanapotiwa maji ya kupooza injini, akakizungusha. Maji ya moto yakaruka na kumbabua mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko.

Nilimmwagia maji yetu ya kunywa hadi lori la chumvi lilipotuchukua. Hospitali walimtibu vizuri. Samaki waliharibika wote. Bibi Sihaba hakunilaumu, lakini nilisikia mchuuzi mmoja mwenye gari ameshaanza kuwafuata wale kina mama achukue samaki wao, na roho haikutulia.

Fundi Bilali alipoifungua rejeta, alikuta imejaa kutu na ukoko mweupe. Tulizoea kuijazia maji ya kisima chetu, na unajua yalivyo na chumvi. Yameila taratibu hadi ikatoboka, sisi hatuna habari.

Bilali akaniletea nyingine iliyotumika, ya gari dogo. Akasema, "Dada, hii tutaifunga kwa waya, itakaa tu."

Nikaiweka kando ya ile ya zamani. Ilikuwa fupi, tena nyembamba. Nikamuuliza, "Kukaa itakaa. Je, itapooza injini yenye mzigo?"

Alikiri kwamba hana uhakika. Basi nikaitia ile mbovu kwenye gunia, nikaenda nayo Dar. Nilizunguka maduka ya spea mpaka nikapata mpya inayolingana nayo kwa upana, kwa unene na mahali mipira ya kupitisha maji inapoingia. Nikanunua na kifuniko kipya cha kipimo kilekile, maana cha zamani kilikuwa kimelegea. Bilali aliifunga vizuri, na kwa hilo namshukuru.

Sasa maji ya kisima hayaingii tena kwenye gari. Natumia kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu, ya aina moja, iliyochanganywa na maji safi, na kila asubuhi kabla ya kuwasha naangalia kama imepungua. Mipira naibonyeza nione kama imepasuka. Vumbi na wadudu walionasa mbele ya rejeta nawaosha kwa maji ya taratibu, kwa sababu yale mapezi yake, vibati vyembamba vya kupitisha upepo, hupinda upesi. Injini ikiwa ya moto, kifuniko hakiguswi na mtu yeyote, hata awe na haraka gani.

Hamidu hawezi kushika usukani bado. Leseni ninayo, ila sikuwahi kuendesha na mzigo. Alhamisi nikaendesha mwenyewe. Yeye aliketi pembeni, macho kwenye mshale njia nzima. Mshale haukusogea. Tulipofika Saadani, yule mchuuzi alikuwa pale na gari lake. Bibi Sihaba aliponiona nashuka upande wa dereva, aliwageukia wenzake akasema, "Leteni makapu huku. Gari letu limefika."

Nisalimie sana Mama Mina, Mina mwenyewe na Haidar. Mama anakusalimu, na Hamidu anakuamkia. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe umri wenye afya.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,

Adila